Alipenda Nje

Jumatatu, tarehe 3, mwezi wa sita

Mama Chiriku,

Salamu zangu zipokee, na kama huzitaki ziweke pembeni, mimi adabu yangu nimetimiza.

Nimekupigia simu siku tisa. Ya kwanza iliita. Ya pili iliita. Kuanzia ya tatu ni yule mwanamke wa kwenye mashine anayesema hupatikani, na yeye nimeshamzoea, ananijibu vizuri kuliko wewe. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Niliishia darasa la tatu lakini herufi zote ninazo, hakuna hata moja uliyonayo wewe ambayo mimi sina.

Sasa nieleze. Mume wako amezikwa Jumamosi. Jumanne asubuhi umefunga mabegi mawili, umemshika mtoto mkono, ukasema, "Mama, naenda kwa dada kidogo." Kidogo! Kesho zinatimia wiki mbili. Kidogo ya wapi hiyo? Watu wanaingia kutoa pole, wanakuta kikongwe peke yake kwenye nyumba ya marehemu, wananiuliza mjane yuko wapi. Nawaambia amelala. Jirani wa geti jekundu ameuliza mara tatu, na mara ya tatu akasema, "Huyo naye analala sana."

Mimi niko chumba changu cha nyuma kama kawaida. Huko mbele sijagusa kitu. Begi la kazi la mumeo lililetwa na mafundi wenzake wa lifti, wakalikabidhi kama kifurushi, nikasaini. Ndani mna bisibisi, spana, taulo lenye grisi na chombo chake cha chakula. Chombo nimekiosha. Sikusikia uchungu. Nimekiosha kama chombo chochote, nikakikausha, nikakirudisha kabatini, halafu nikasimama pale mbele ya kabati mpaka miguu ikauma.

Kama umekasirika kwa sababu nilisimama mimi kumzungumzia kanisani, basi kasirika vizuri. Nilimzaa mimi. Mchungaji alikuwa na karatasi yake, "marehemu alikuwa mtumishi mnyenyekevu," karatasi ile ile aliyomsomea fundi bomba mwezi uliopita, na yule fundi bomba hakuwa na unyenyekevu hata wa kuazima. Nikasema kaeni, nitasema mwenyewe. Na nilisema vizuri. Nilisema mwanangu alikuwa mzee wa kanisa miaka kumi na miwili na hakuna Jumapili aliyochelewa. Nilisema alikuwa mtu wa mke wake na mtoto wake. Nilisema kazi yake ilikuwa kutengeneza lifti za maghorofa, kutwa nzima ndani ya shimo, giza na kamba za chuma, na jioni miguu yake haikujua njia nyingine ila ya nyumbani. Halafu nikasema, "Lakini alipenda nje. Alipenda sana nje. Jumamosi hakosi nje, maana nje ndiko roho yake ilikopumzika." Watu wa nyuma wakaanza kukohoa. Nikajua ni vumbi, lile kanisa halifagiliwi.

Kama kuna neno nililosahau, niandikie. Kama hakuna, rudi nyumbani.

Mimi,
mama yake mumeo


Jumanne, tarehe 11, mwezi wa sita

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Chiriku hajambo. Mimi nipo.

Hakuna neno ulilosahau. Shida ni neno ulilolisema.

Mama, mtu akisimama mbele ya watu akasema mwanamume fulani alipenda nje, watu wanasikia nini? Mtoto wa nje ni mtoto gani? Mume akitoka nje ya ndoa amekwenda wapi? Lile halikuwa vumbi. Walikuwa wanacheka. Mke wa mwenye duka la dawa alificha uso kwenye kitabu cha nyimbo, mabega yakawa yanaruka. Mchungaji aliangalia viatu vyake. Na wewe ukalirudia. Ulilisema mara nne, nilihesabu, kwa sababu nilikuwa mstari wa mbele na sikuwa na kitu kingine cha kufanya zaidi ya kuangalia jeneza na kuhesabu.

Ningekuwa sina shaka yoyote ningecheka nao. Ningesema Mama ana maneno yake. Lakini nitakwambia kitu ambacho hata dada sijamwambia.

Tangu mwezi wa kwanza, viatu vyake vya mlimani vilikuwa vinarudi visafi. Miaka kumi na mitano kila Jumamosi jioni nimevigonga kwenye ukuta wa nyuma kutoa ule udongo mwekundu, mpaka ukuta ukashika rangi. Mwaka huu hakuna udongo. Mvua imenyesha, hakuna udongo. Anaondoka asubuhi na mkate wake na Biblia yake ndogo, anarudi saa kumi, viatu kama vimetoka dukani. Nilimuuliza mlima ukoje. Akasema, "Upo." Mama, yule mtu alikuwa akirudi kutoka mlimani hanyamazi. Ndege gani amemwona, jiwe gani amepigia magoti, upepo ulitokea wapi, mpaka namwambia Baba Chiriku, niache nipike. Leo mlima "upo"?

Nilinyamaza. Nilijiambia ni mimi na akili yangu chafu. Halafu mama yake mzazi akasimama kanisani.

Nina swali moja. Jumamosi alikuwa anakwenda wapi? Naomba jibu, siyo maelezo.

Mkweo


Jumatatu, tarehe 17, mwezi wa sita

Mama Chiriku,

Mungu akusamehe, maana mimi bado.

Nje! Nje ni nje! Nje ni pale unapofungua mlango ukatoka. Kuku analala ndani, anashinda nje. Nguo unafua ndani, unaanika nje. Ninyi ndio mmelichukua neno la watu mkalivua nguo, halafu mnanishangaa mimi kwamba liko uchi. Mimi nilipokuwa msichana mtu akisema anapenda nje tulijua anapenda jua.

Na huyo mke wa mwenye duka la dawa, mwambie, la, nitamwambia mwenyewe. Yeye na mabega yake.

Barua yako ilipofika nilikwenda kwa mchungaji siku ile ile. Nimemkuta ofisini anatafuna karanga. Nikamwambia, "Mchungaji, nilisema nini cha kuchekwa?"

Akasema, "Mama, ni lugha tu. Watu wana mawazo yao. Labda ungesema alipenda kutembea."

"Kutembea na nani?"

Akapaliwa na karanga. Nikamgonga mgongoni, maana hata kama ni mjinga ni mchungaji wetu. Alipopata pumzi akasema, "Basi, alipenda mazingira."

"Mazingira ni mtihani wa shule."

"Alipenda hewa safi?"

"Kwani mwanangu alikuwa tairi?"

Akasema tuombe. Nikamwambia aombe yeye, mimi nimefuata neno na neno hana. Kwa hiyo ujue, hata aliyesomea maneno miaka mitatu na kupewa joho, neno la yule mtu hakulipata. Sasa mimi wa darasa la tatu mnanibebesha lawama ya nini?

Kuhusu viatu. Viatu husafishwa. Mwanangu alikuwa msafi tangu utotoni. Huenda alipita penye majani. Mimi si polisi wa viatu.

Alhamisi simu ya mezani ililia. Mtu wa ofisini kwao, mgeni asiye na habari, anamuulizia fundi, lifti ya hospitali imekwama. Nikamwambia hayupo. Akasema basi atapiga baadaye. Nikasema sawa. Nilipokata simu ndipo nikafikiri ningemwambia kitu kingine, lakini sikujua kipi, nikaenda kuanua nguo.

Rudi. Mtoto ana shule, na mimi nimechoka kuwaambia watu kwamba umelala.

Mama mkwe wako, ambaye hajakosea


Ijumaa, tarehe 28, mwezi wa sita

Mama,

Shikamoo.

Niliomba jibu. Nimepata kuku, tairi na karanga za mchungaji. Dada aliposoma ile ya tairi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi niliangalia mdomo wake ukicheka, nikaelewa kwamba ni jambo la kuchekesha. Basi.

Lakini viatu umeviandikia sentensi tano. Wewe, Mama. Wewe ambaye ukianza habari ya ufagio uliopotea tunakusikiliza mpaka chakula kinaungua. Niliposoma zile sentensi tano fupi fupi nikajua kwamba unajua.

Sijalia bado. Dada anawaambia watu nimejaliwa uvumilivu. Uvumilivu gani? Nitamliliaje mtu ambaye sijui Jumamosi alikuwa nani? Kazini alikuwa fundi. Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Nyumbani alikuwa Baba Chiriku, anayeonja mboga kwa kidole na kusingizia paka. Siku sita namjua. Ya saba imefungwa, na ufunguo unao wewe.

Juzi Chiriku alikuwa anafanya kazi ya shule mezani. Bila kuinua kichwa akaniuliza, "Mama, nina mdogo wangu nje?" Nikamwambia nani kakwambia. Akasema, "Wasichana wa kwaya wameniandikia." Ana miaka kumi na mitatu. Nikamwambia sijui. Mimi mama yake nikamwambia sijui, akarudi kwenye daftari lake akapiga mstari kwa rula.

Hapa kuna shule karibu. Mwalimu mkuu amenipa fomu ya uhamisho, anaitaka imesainiwa tarehe kumi na tano mwezi ujao. Dada ana chumba cha ziada, nitashona naye nguo. Ukinijibu nitaamua nikiwa najua. Ukininyamazia, hilo nalo ni jibu. Nitasaini, na nyumba hiyo mtabaki nayo wewe na siri ya mwanao.

Mkweo


Jumanne, tarehe 9, mwezi wa saba

Mama Chiriku,

Hakukuwa na mwanamke. Naliandika hilo kwanza ili ulipate kabla hujachoka na mimi. Hakuna mwanamke, hakuna mtoto. Mwambie Chiriku ni yeye peke yake, hana mdogo wala mkubwa popote.

Sasa lile lililonizuia kukujibu.

Alikuwa mgonjwa, na mimi nilijua.

Mwezi wa kwanza, wewe ukiwa sokoni, aliingia chumbani kwangu akakaa kitandani. Hakuwa na kawaida ya kukaa kwenye kitanda changu. Akasema, "Mama, mlima umenishinda." Nikamwambia aache uvivu. Akasema kifua kinabana, hata nusu ya njia hafiki, pumzi inakatika. Na kazini vilevile. Unajua fundi lifti hapandi lifti. Akiitwa, ujue lifti imekufa, na mashine iko juu kabisa, kwa hiyo katika jengo zima yeye ndiye anayepanda ngazi zote, tena na begi la vyuma. Zamani alipanda ghorofa tisa bila kusimama. Sasa kila ghorofa ya tatu alikuwa anainama, anajifanya anafunga kamba za viatu.

Nikamuuliza, "Mkeo anajua?"

Akasema, "Nikimwambia atanifungia ndani. Jumamosi yangu itakuwa imekwisha."

Hapo mwanamke mwenye akili angemwambia nenda kamwambie mkeo sasa hivi, kesho hospitali. Mimi nilisema, "Basi tunyamaze." Nikamchemshia tangawizi. Hospitali nilimtajia mara moja tu, akasema mwisho wa mwezi. Mwezi upi, sikuuliza.

Na hili nalo nitakwambia, nikiliacha barua yote itakuwa uongo. Nilifurahi. Miaka kumi na sita kila neno lake lilipita kwako kwanza, mimi nikapata makombo. Siku ile aliniletea neno zima, wewe hujaligusa. Nilizunguka humu ndani kama mtu aliyevaa nguo mpya. Ulinipita jikoni ukaniuliza, "Mama, mbona leo unaimba?"

Jumamosi alikuwa anakwenda kwenye tangi la maji la mji, pale mlima unapoanza. Chini ya tangi pana sakafu ya saruji. Ndiyo maana viatu havikushika udongo. Anakaa hapo kutwa, anasoma zaburi zake, anawasalimia wanaopanda na wanaoshuka. Saa tisa na nusu anafunga begi, anarudi kwako. Nilimfuata mara moja, mwezi wa tatu, nikamkuta amevua kofia, macho yako kule juu. Nikamwambia, "Sasa huku umefuata nini, si bora ukae nyumbani kwenye kiti?" Akasema, "Mama, hapa pia ni nje."

Ndiko nilikolitoa. Sikulitunga mimi. Nilikaa nalo tangu siku ile, na pale kanisani niliposimama maneno mengine yote yalikuwa yamekwisha, limebaki hilo, likatoka mara nne.

Siku alipoanguka kazini kwenye ngazi za lile jengo, mlipokuja kuniambia, nilipiga kelele, "Kimemuua nini mwanangu?" Ukanishika, ukaniambia hata madaktari hawajui. Mimi nilijua. Niliuliza ili nisikike nikiuliza.

Sikuombi kitu. Ila ukisaini hiyo karatasi ya shule, saini ukijua kwamba unanikimbia mimi, siyo yeye.

Mama mkwe wako


Jumatano, tarehe 24, mwezi wa saba

Mama,

Barua yako niliisoma jikoni kwa dada, nimesimama. Nilipomaliza nilirudi kwenye vyombo. Niliviosha vyote, mpaka na vile vilivyokuwa visafi.

Afadhali angekuwa na mwanamke. Nimekaa na wazo hilo wiki mbili, nimeligeuza kila upande, na bado liko vilevile. Mwanamke ningemtafuta, ningemtukana mbele ya mlango wake, ningerudi nyumbani nimechoka nikalala. Sasa nimtukane nani? Yeye yuko kaburini. Wewe una miaka sabini na minne.

Miezi minne nilimfungia mkate wa mlimani. Nilimwekea na yai, kwa sababu mtu anayepanda anahitaji nguvu. Alikuwa anaula amekaa. Mwezi wa nne nilimshika tumbo nikamwambia, "Mlima gani huu wa kunenepesha watu?" Akacheka, Mama. Alicheka, halafu akakohoa, nikampa maji. Nilikuwa nimemshika pale pale. Mkono wangu ulikuwa nusu shibiri kutoka kifuani.

Alikwambia ningemfungia ndani. Ndiyo. Ningemfungia. Angenichukia mwaka mzima, akiwa hai.

Chiriku nimemwambia hakuna mtoto mwingine. Akasema, "Sawa." Baada ya muda akasema, "Ningempenda kidogo."

Tarehe kumi na tano imepita na fomu sijaisaini. Mwalimu mkuu amenisogezea mpaka tarehe tano. Sijui nitafanya nini, na usinisaidie kujua.

Jumamosi, tarehe tatu, nitakuja peke yangu kwa basi la asubuhi. Sitapita nyumbani kwanza. Unipeleke pale kwenye tangi. Nataka kukaa alipokuwa anakaa, mpaka saa tisa na nusu. Usinipe pole. Usinieleze njia. Usinionyeshe alipokuwa ameweka kofia. Ukae karibu na mimi na unyamaze. Kunyamaza unajua.

Mkweo


Jumatatu, tarehe 29, mwezi wa saba

Mama Chiriku,

Nitakuwa kituoni kabla ya basi.

Sitasema kitu.

Mimi